“Alinipa” au “alimpa”: tathmini ya huduma ya kuskani na kusahihisha maandishi mjini Lubumbashi

Kwa muda wa miezi miwili nimekuwa mteja wa duka moja dogo lililo katikati ya Lubumbashi, mwendo wa dakika chache kutoka Posta. Duka hilo hufanya kazi zote za kawaida za sekretaria, yaani kutoa kopi, kupiga chapa barua na kufunga tasnifu za wanafunzi, lakini sasa limeongeza huduma ambayo mimi niliingoja kwa miaka: kuskani karatasi, kuzigeuza kuwa maandishi yanayosomeka kwa kompyuta, kisha kusahihisha makosa ya mashine ili msomaji asiyeona aweze kuyasikiliza. Mimi ni mmoja wa wasomaji hao. Nilifundisha historia katika shule za sekondari hadi presha ya macho iliponinyang’anya nuru ya jicho la pili, na tangu hapo nasoma kwa masikio, kwa msaada wa NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini kwa sauti, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni. Jina la duka sitalitaja, kwa kuwa nina mazuri na mabaya ya kulisema, na vijana wanaolifanyia kazi ni wachache mno kiasi kwamba kulitaja duka ni kuwataja wao.

Niliwapelekea vitu vitatu. Cha kwanza kilikuwa kopi ya Sheria nambari 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, inayohusu ulinzi na uendelezaji wa haki za watu wenye ulemavu nchini mwetu. Cha pili kilikuwa faili la kazi la marehemu baba yangu, kurasa 41 za hati za mshahara na vyeti kutoka kampuni ya migodi, ambalo familia inalihitaji kwa ajili ya mambo ya urithi. Cha tatu, ambacho ndicho kilichonitoa nyumbani, kilikuwa kurasa 86 ambazo baba alizipiga kwa mashine ya taipu miaka ya sabini, akisimulia maisha yake tangu alipofika mjini akiwa kijana, wakati mji huu ukiitwa bado Élisabethville. Utepe wa mashine ile ulikuwa umechakaa, na karatasi zimekaa miaka mingi katika sanduku la bati.

Bei yao inaeleweka na imeandikwa ukutani, kama nilivyosomewa: faranga 300 kwa ukurasa kwa kuskani na kutambua maandishi, na faranga 1000 zaidi kwa ukurasa ukitaka usahihishwe. Kwa maandishi ya baba peke yake nililipa faranga 111,800. Waliniahidi siku tano, zikawa kumi na moja kwa sababu ya umeme kukatika, jambo ambalo mkazi yeyote wa Lubumbashi atawasamehe. Mapokezi ni mazuri. Kijana mwenye duka hunipokea mlangoni, hunitajia ngazi mbili zilizopo kabla sijazikuta kwa mguu, na husema nami, si na mtu aliyenisindikiza.

Kwa msomaji anayeona, pengine haieleweki kwa nini mtu alipe zaidi ya mara tatu kwa kusahihishiwa kitu ambacho mashine imekwisha kukisoma. Karatasi iliyoskaniwa ni picha tu. Nikiifungua, NVDA hukaa kimya au husema kwamba hapana kitu, hata kama mbele yake kuna sheria nzima. Inawezekana kuiamuru itambue maandishi ya picha hapo hapo kwa msaada wa Windows, na mimi hufanya hivyo kwa risiti na matangazo, lakini kinachotoka ni kibichi, na kwa kazi ndefu hakifai. Mtu anayeona akikutana na neno lililoharibika hutupa jicho kwenye picha ya karatasi, akajua lilivyokuwa, akaendelea. Mimi sina pa kutupa jicho. Maandishi yaliyotoka kwenye mashine ndiyo karatasi yenyewe kwangu, na kosa lililobaki humo linakuwa sehemu ya kitabu.

Nianze na sheria, kwa sababu ndiko walikofanya vizuri. Kopi niliyowapa ilikuwa imechapwa kwa safu mbili. Nilikuwa nimewahi kuijaribu mwenyewe nyumbani, na mashine ilisoma mstari wa safu ya kushoto, ikaruka moja kwa moja hadi mstari wa safu ya kulia, ikarudi, ikaruka tena, mpaka haki ya elimu ikachanganyikana na adhabu za mahakama katika sentensi moja. Duka lilizitenganisha safu kabla ya kutambua maandishi. Waliondoa vichwa vya kurasa na nambari ambazo kwa kawaida huingia katikati ya sentensi kama mgeni asiyebisha hodi. Waliunga maneno yaliyokatwa mwisho wa mstari, na kila mahali penye “Article 1er”, yaani kifungu cha kwanza, ambapo mashine hupenda kuandika herufi l badala ya tarakimu 1 na sauti ikasoma “ler”, walirekebisha. Vilevile “l’État”, yaani Serikali, ambayo l yake iligeuka tarakimu 1, na kwangu ilikuwa inatamkwa kana kwamba Serikali ni nambari moja. Zaidi ya hayo, kila kifungu kimewekewa mtindo wa kichwa cha habari, hivyo kwa kubonyeza herufi H naruka kutoka kifungu hadi kifungu bila kusikiliza kila kitu tangu mwanzo. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 49, inatupa sisi wenye ulemavu haki ya hatua maalumu za ulinzi, na nimekuwa nikikitaja kifungu hicho mikutanoni kwa miaka bila kuweza kuisoma mwenyewe sheria iliyokuja kukitekeleza. Safari hii niliisoma yote kwa jioni mbili. Kwa kazi ya aina hii, yaani Kifaransa kilichochapwa vizuri, duka hili nalisifu bila sharti.

Faili la kazi lilinipa shaka. Jedwali la mshahara ni mtihani kwa programu yoyote ya utambuzi, kwa sababu mistari inayotenganisha vyumba hufifia, mihuri hukaa juu ya tarakimu, na 3 na 8 hufanana wino ukifurika. Duka lilijenga upya majedwali kwa safu na mistari halisi, si kwa kupanga nafasi tupu, na hilo ni jambo la maana, kwani naweza kutembea ndani ya jedwali na kusikia kila tarakimu pamoja na jina la safu yake. Lakini tarakimu haina sarufi. Neno likiharibika, sikio hushtuka. 1,320 ikigeuka kuwa 1,820, sauti huitamka kwa heshima ile ile. Niligundua kosa hilo kwa njia ya kizamani ya walimu: nilijumlisha. Jumla iliyoandikwa chini ya ukurasa ilipungua faranga 500 kuliko jumla ya vyumba nilivyosomewa, na faranga 500 ndiyo tofauti kati ya 3 na 8 katika nafasi ya mamia. Nilipata makosa mengine mawili kwa njia hiyo. Kwenye kurasa zisizo na jumla sina namna ya kujua. Nilipowauliza kama huhakiki tarakimu kwa kujumlisha, ilikuwa wazi kwamba wazo hilo halikuwa limewajia, na kijana aliliandika mara moja.

Nifike sasa kwenye maandishi ya baba.

Baba hakuandika Kiswahili cha vitabu. Aliandika Kiswahili cha Lubumbashi, kile tunachokisema katika mitaa yetu, sokoni Kenya na nyumbani Katuba, chenye “batoto” na “bitu”, chenye “njo” ambayo bila hiyo mtu wa hapa hawezi kumaliza hoja. Nilipofungua faili lililosahihishwa na kuanza kusikiliza, nilimsikia mtu mwingine kabisa. Watoto wote walikuwa “watoto”. Kila “njo” ilikuwa “ndiyo”. Baba yangu, aliyejifunza kusoma akiwa mtu mzima na kupiga taipu kwa vidole viwili, alikuwa akisema kama mtangazaji wa redio ya Dodoma. Binti anayesahihisha, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye Kiswahili kizuri na moyo mzuri, alikuwa ameyachukua makosa ya mashine na lugha ya baba akavitia katika kapu moja, akavinyoosha vyote.

Niliomba faili ghafi, lile lililotoka kwenye mashine kabla ya mkono wa mtu kuligusa. Nawashauri wote watakaotumia huduma ya namna hii waliombe tangu siku ya kwanza. Duka lilinipa bila ubishi. Faili hilo lilikuwa vurugu, lakini vurugu yenye mafunzo. Programu wanayoitumia ni Tesseract, ambayo ilizaliwa katika maabara za Hewlett-Packard miaka ya themanini, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2005, na haiuzwi. Inahitaji faili la lugha ili ijue maneno ya aina gani ya kutegemea, na duka lilikuwa limeweka faili la Kifaransa peke yake. Basi mashine ikamsoma baba kwa macho ya Kifaransa. Herufi a ziliota alama juu, “hata” ikawa “hâta”. Panapo “tulikuwa banne”, yaani tulikuwa wanne, iliandika “tulikuwa bonne”. Herufi l na i zilizokaribiana ziliungana kuwa h, “alikuja” ikawa “ahkuja”, na m zilizovunjika zikawa r na n, hata mama mzaa baba akaitwa “rnarna”. Makosa kama haya hayanitishi. Yanakera sikio, na kwa sababu yanakera, yanajitangaza.

Lililonitisha lilikuwa kwenye ukurasa wa 14. Baba anasimulia jinsi yeye na kaka yake walivyopokewa kazini mwaka 1956, na katika toleo lililosahihishwa sentensi ilisomeka hivi: “Bwana wa kambi alimpa nyumba, ndiyo nikaita bibi yangu”, yaani mke wangu. Alimpa nani? Sentensi iliyotangulia ilimtaja kaka, kwa hiyo kwa siku tatu nzima niliamini kwamba nyumba ya kambini, ambayo wajomba na mashangazi wameibishania tangu nikiwa mtoto, ilikuwa ya baba mkubwa, na sisi tulikuwa wageni ndani yake. Nilikaribia kumpigia simu dada yangu. Kilichonizuia ni faili ghafi. Humo, mahali pengine pote ambapo baba alitaja mtu akimpa mwenzake kitu, ameandika “alimupa”, na penye mtu kumwambia mwenzake, “alimuambia”, kama sisi sote tunavyosema hapa. Binti alikuwa amezinyoosha zote zikawa “alimpa” na “alimwambia”. Lakini ukurasa wa 14 peke yake ulikuwa na “alimpa” tangu kwenye mashine, kabla ya binti kuufikia. Baba hakuwahi kusema “alimpa” maishani mwake.

Nilimwita mtoto wa mdogo wangu, nikamwomba achukue karatasi yenyewe akae nayo dirishani.

“Mama Mkubwa,” akasema baada ya kimya, “hapa kuna n na i, zimebanana. Ni *alinipa*.”

Herufi mbili za utepe uliochakaa, n na i, zikisimama bega kwa bega, huwa m. Mashine haikukosea kwa uzembe. “Alimpa” ni neno zuri la Kiswahili, na kikagua tahajia chochote kingelipitisha. Msomaji yeyote pia angelipitisha. Lililoniokoa ni lafudhi ya baba, ile ile ambayo huduma ya kusahihisha ilikuwa imeifuta nikiwa nimeilipia faranga 1000 kwa ukurasa.

Nilirudi dukani na malalamiko mawili. La kwanza, wamesahihisha mwandishi badala ya kusahihisha mashine. La pili, ambalo ndilo kubwa, binti alikuwa akisahihisha kwa kutazama skrini tu: akikuta neno baya analitengeneza kwa kubuni, akikuta neno zuri anapita, na karatasi yenyewe iko kwenye bahasha chini ya meza. Hilo si kusahihisha, ni kukisia kwa adabu. Sikumlaumu sana, kwa kuwa analipwa kwa ukurasa, na anayelipwa kwa ukurasa hana faida ya kufungua bahasha.

Hapa ndipo duka lilipojirudishia heshima. Mwenye duka alisikiliza mpaka mwisho, hakusema habari za umeme wala za karatasi mbovu, akaahidi kurudia kurasa zote 86 bila malipo. Niliwapa masharti ambayo wameyafuata, na ambayo sasa wanasema wanayatumia kwa kila kazi ya kumbukumbu za familia. Kurasa ziskaniwe upya kwa nukta 300 kwa inchi, kwa rangi ya kijivu badala ya nyeusi na nyeupe tupu, maana wino uliofifia hupotea kabisa mashine ikilazimishwa kuchagua kati ya rangi mbili. Liongezwe faili la Kiswahili la Tesseract, ambalo nalo ni la bure, litumike pamoja na la Kifaransa, kwa sababu baba alikuwa akichanganya. Alama juu ya a zilitoweka karibu zote, ingawa hata faili hilo halikuielewa “njo” na mara kadhaa liliibadilisha. Usahihishaji ufanywe na watu wawili, mmoja akisoma karatasi kwa sauti na mwingine akifuata kwenye skrini, na kila wanapoona herufi “ni” au “m” wasimame. Tahajia ya baba iachwe ilivyo. Na pasiposomeka, badala ya kubuni, waandike [haisomeki] ndani ya mabano, ili sauti inapofika hapo nijue kwamba pana shimo.

Toleo la pili lilichukua wiki mbili na nusu. Nililipima kwa kumwomba yule binti wa mdogo wangu, aliyekaa dirishani, anisomee kurasa kumi nilizochagua bila mpango, huku nikifuata herufi kwa herufi kwa vitufe vya mishale. Tulipata makosa manne katika kurasa kumi, yote madogo: nukta iliyogeuka mkato, herufi kubwa iliyopotea, na mawili ya alama ya kutenganisha kwenye ng’, ambayo mashine huiona kama uchafu na kuifuta, hivyo “ng’ambo” ikawa “ngambo”. Kwa kazi ya taipu ya miaka ya sabini, hiyo ni kazi nzuri.

Kuna jambo moja ambalo bado hawajalimudu, nalo ni kuweka alama ya lugha. Katika faili la maandishi kila aya inaweza kuandikiwa kimyakimya kwamba hii ni Kifaransa, hii ni Kiswahili, na kisoma skrini kikakuta alama hiyo kikabadilisha sauti chenyewe. Duka linaacha kila kitu kikiwa Kifaransa. Matokeo yake, sauti ya Kifaransa inamsoma baba kwa pua, inameza herufi za mwisho, na “kazi” inatoka kama jina la mtaa wa Paris. Mimi hubadilisha sauti kwa mkono kuwa ile ya Kiswahili ya eSpeak, programu ya kutamka maandishi, ambayo ni kavu kama bati lakini hutamka kila silabi, halafu barua ya Kifaransa ikitokea katikati hurudisha tena. Mtu mwenye mazoea ataweza. Mwanafunzi anayeanza atachoka. Nimewaeleza, wameahidi, na ahadi hiyo naiandika hapa ili waione.

Nani aende? Mwenye kitabu cha Kifaransa kilichochapwa, sheria, au silabasi ya chuo, aende bila wasiwasi, alipe na usahihishaji, aombe vichwa vya habari viwekwe. Mwenye majedwali ya fedha aende, lakini afuatane na mtu wa kumsomea tarakimu kutoka kwenye karatasi, au ajumlishe mwenyewe. Mwenye maandishi ya wazee, ya taipu au yenye Kiswahili cha nyumbani, aseme masharti yake mdomoni na kwa maandishi kabla ya kuacha karatasi, na adai faili ghafi. Maandishi ya mkono hawayapokei, na wanasema hivyo wazi mlangoni, jambo ambalo nimelipenda.

Mwaka 1976, mvumbuzi Ray Kurzweil alipoonyesha Marekani mashine ya kwanza ya kuwasomea wasioona vitabu vya chapa za kila aina, ilijaza meza nzima. Ya duka letu inatosha chini ya kwapa.

Nimekwisha kumpigia simu dada yangu, nikamsomea ukurasa wa 14 kwa sauti ya bati, “alinipa” ikiwa mahali pake. Katika kurasa 86 zimebaki [haisomeki] sita. Tano ni za utepe. Ya sita iko ukurasa wa 63, ambapo mdogo wangu alimwaga chai mwaka ambao sote tunaukumbuka, na hapo duka halina kosa.